Visima Vitatu na Muhuri wa Siri: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea pembezoni mwa Lubumbashi, na wahusika wakuu wamekubali kisimuliwe. Jina la mtaa, la ofisi, la kampuni na la kijito vimeondolewa, pamoja na mwaka. Mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa, lakini mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa. Mhusika mkuu tutamwita M.; wengine tutawataja kwa kazi zao.

Tunakitumia kufundishia watumishi wa serikali na kamati za mitaa. Kila mara mjadala huanzia palepale: je, M. aliisaliti ofisi yake? Mimi naamini hakuisaliti, na nitaeleza kwa nini. Ila wanaosema alisaliti nao wana hoja, na kisa hiki hakiwezi kumfundisha mtu kitu kama hoja zao zinapuuzwa.

Mazingira

M. alikuwa mtaalamu wa kuchukua sampuli katika ofisi ya mkoa inayoshughulikia mazingira. Kazi yake ilikuwa ya nje: kuchota maji, kuyapima hapohapo, kujaza chupa, kubandika lebo, kuandika kwenye daftari. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa. Kilichomsaidia kusomesha watoto ni posho ya kwenda kazini nje ya ofisi.

Alifanya kazi na kijana mmoja, miongoni mwa wale ambao kwetu huitwa "unite mpya". Hawa ni watumishi ambao majina yao yako kwenye orodha ya ofisi, wanafika kila siku, wanapewa amri kama wengine, lakini hawajapata namba ya matrikule. Bila namba hiyo hakuna mshahara wa serikali. Kijana aliishi kwa posho na kwa matumaini kwamba siku moja jina lake litapita.

Mtaa wenyewe unaishi kwa bustani. Watu wanalima lengalenga, matembele na shu (kabichi) kando ya kijito. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, mvua zikiwa zimekatika, wanamwagilia kwa maji ya kijito hicho, na alfajiri mboga zinapanda baiskeli kwenda sokoni mjini. Mabomba hayafiki huko. Maji ya kunywa yanatoka kwenye visima vya kuchimba kwa mkono, vifupi, karibu na bustani.

Kilomita chache juu ya kijito kuna kiwanda cha kusafisha madini. Yeyote aliyekulia Katanga anajua kazi hiyo kwa jumla: mawe yenye shaba na kobalti yanasagwa, yanalowekwa katika asidi ya salfuriki ili metali iyeyuke, kisha shaba inatolewa kwa umeme. Maji machafu yanayobaki hutakiwa kutiwa chokaa ili asidi ife, halafu yatulie kwenye mabwawa. Bwawa likivuja, au chokaa ikitiwa kidogo, maji yanayotoka yanabeba asidi pamoja na metali zilizoyeyuka ndani yake. Kiangazi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kijito kina maji machache ya kuupunguza uchafu.

Wakazi waliona dalili kabla ya ofisi yoyote. Majani ya mboga yaliungua pembeni. Nguo nyeupe zilianikwa zikiwa na madoa ya kijani na buluu. Samaki wadogo wakaelea. Kamati ya mtaa iliandika barua kuomba maji yapimwe, na hapo ofisi ya M. ikatuma timu.

Mambo yalivyokwenda

Timu ilichukua sampuli mwezi wa nane. M. alipanga vituo sita kwenye kijito, kuanzia juu ya kiwanda hadi chini ya bustani, akaongeza visima vitatu. Asubuhi hiyo, akiwa ameegemea boneti ya gari, aliviandika vituo kwa kalamu ya wino mzito: P1 mpaka P6. Alama hizo zilikuwa zake. Hazikuwa kwenye ramani yoyote ya mtaa, na hakuna mkazi aliyewahi kuzisikia.

Kituo cha P4 kilikuwa chini kidogo ya daraja la mbao wanalopita watoto wakienda shule. Hapo kipima pH kilionyesha chini ya 4. Maji ya kawaida huwa karibu na 7, na kila namba moja ya kushuka maana yake ni asidi kuongezeka mara 10. Kwa hiyo pH ya 4 ina asidi mara 1,000 kuliko maji ya 7. Majibu ya maabara yalipokuja, shaba ilikuwa juu sana kwenye kijito, na visima viwili kati ya vitatu vilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu, iliyozidi kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Ripoti ikaandikwa. Mapendekezo yake ya haraka yalikuwa haya: watu waache kunywa maji ya visima hivyo, waache kumwagilia mboga kwa maji ya kijito, na vipimo virudiwe.

Mkuu wa ofisi aliisoma, akaita timu, akagonga muhuri wa SIRI kwenye ukurasa wa kwanza mbele yao. Nakala moja ingekwenda kwa wakubwa wa mkoa. Nyingine ikafungiwa kabatini. Alitoa sababu tatu. Kwanza, mazungumzo na kampuni kuhusu kutengeneza bwawa na kulipa fidia yalikuwa yameanza, na habari ikitoka kampuni ingegeuka kuwa ya mawakili tu. Pili, vijana wa mtaa walikuwa wameshachoma matairi mbele ya lango la kiwanda mara moja, na aliogopa safari hii risasi za bunduki zingepigwa. Tatu, kipimo kimoja hakitoshi kumshtaki mtu.

Nimezungumza na mkuu huyo. Hakuwa amehongwa, kwa kadiri ninavyoweza kujua, na hofu yake kuhusu lango la kiwanda ilikuwa ya kweli. Nasema hivi kwa sababu katika mafunzo watu hupenda awe mwizi, ili uamuzi wa M. uwe rahisi. Haukuwa rahisi.

Wiki kadhaa zikapita. Hakuna tangazo lililotoka. M. alirudi mtaani kwa shughuli nyingine, akamkuta mama mmoja, mtoto mgongoni, amebandika sufuria ya maji juu ya makala, yaani makaa. Maji yalitoka kwenye kisima kimojawapo cha vile viwili. Akamuuliza kama huyachemsha kila siku.

"Tunachemushaka, Mama," akajibiwa. "Ku lopitali balituambiaka tuchemushe mayi yote."

Mama yule alikuwa anafanya sawasawa alivyofundishwa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya tumbo. Kwa risasi hakusaidii hata kidogo: maji yanapungua kwa mvuke, metali inabaki sufuriani, na kinachobaki kina risasi zaidi kwa kila kikombe. Klorini nayo haiiondoi. Na wanaoumizwa zaidi na risasi ni watoto wadogo, kwa sababu inadhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtaa mzima ulikuwa unajikinga kwa njia isiyokinga, na waliojua hivyo walikuwa watu wachache wenye muhuri kabatini.

Maamuzi na sababu zake

M. hakuanza kwa kutoa kitu nje. Alimwandikia mkuu barua ya ukurasa mmoja. Hakuomba ripoti itangazwe. Aliomba jambo moja: wakazi waambiwe wasinywe maji ya visima viwili, hata bila kutaja kampuni wala sababu. Alipeleka barua kwa karani, akasubiri nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, akaenda nayo nyumbani. Mkuu alimjibu kwa mdomo: subiri.

Angeweza kupanda ngazi, kuandika Kinshasa. Lakini kwa desturi ya kazi barua ya mtumishi hupitia kwa mkuu wake, na barua hiyo ingelala kwenye kabati lilelile. Hapo akaenda kwa wakili. Alikwenda kabla ya kugusa karatasi yoyote, na naona hii ndiyo hatua iliyomwokoa.

Wakili alimpangia mambo mezani. Ukichukua ripoti au fotokopi yake, alisema, unafungua mlango wa kushtakiwa kwa wizi wa hati. Ukitangaza ulichokabidhiwa kazini, kanuni ya adhabu ya Kongo inaadhibu anayetoa siri ya kazi kwa kifungo cha mwezi 1 hadi 6. Juu yake kuna nidhamu ya utumishi chini ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa serikali, kuanzia karipio hadi kufukuzwa. Na sheria maalumu ya kumlinda mtoa taarifa haikuwepo. Tanzania ilitunga yake mwaka 2015, Uganda mwaka 2010, M. hakuwa na ya kushika.

Upande wa pili wa meza ulikuwa na uzito pia. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa haramu. Na sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inampa kila mtu haki ya kufikia habari zilizopo, kamili na sahihi, zinazohusu mazingira. Kwa macho ya wakili, muhuri wa SIRI kwenye majibu ya maji ya kunywa ulikuwa umegongwa mahali ambapo sheria haikuruhusu. Lakini kuwa na haki na kushinda kesi ni mambo mawili, na kesi humkuta mtu ameshasimamishwa kazi.

Njia zilizokuwa mbele yake ni hizi. Kupeleka picha za ripoti kwenye makundi ya WhatsApp: ingefika haraka, ingeshindwa kuthibitishwa, na mtu angeitwa mzushi, sheria ya dijitali ya Machi 2023 inaadhibu kusambaza habari za uongo mtandaoni. Kumpa mwandishi wa redio: bora zaidi, lakini redio ingehitaji karatasi mkononi. Kumpa mbunge wa mkoa: M. alimjua mmoja, akahofia jambo ligeuke silaha ya kisiasa kabla visima havijafungwa.

Swali la wakili ndilo lililobadilisha mambo: "Unachotaka wajue, ni lazima kitoke kwako?" Maji hayakuwa siri. Yalikuwa yanapita chini ya daraja, kila mtu anayaona. Kilichofichwa ni namba tu, na namba zingeweza kupatikana upya na mtu yeyote mwenye chupa safi na pesa ya maabara.

Basi M. akaamua hivi: hatatoa ripoti, hatatoa namba hata moja. Kupitia muuguzi wa kituo cha afya, aliyemwamini, atawaambia kamati mahali pa kuchota, wakati wa kuchota kabla mvua hazijaja kuyachanganya maji, na namna ya kuchota ili majibu yasikataliwe: chupa za plastiki mpya, zisuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, zijazwe, zitiwe tone la asidi ya naitriki ambalo maabara hutoa ili metali isigande ukutani mwa chupa, kila moja iandikwe saa na mahali, na karatasi ya makabidhiano itiwe sahihi na kila mkono unaozipokea. Pia muuguzi aanze siku hiyohiyo kuwaambia akina mama wasitumie maji ya visima viwili kwa watoto, akisema tu kwamba "yanapimwa".

Kamati ilikusanya pesa nyumba kwa nyumba. Shefu wa mtaa alisimama shahidi, akatia sahihi. Mwalimu mmoja wa kemia aliwasaidia kupata maabara. Majibu yalipotoka yalikuwa karibu sawa na yale yaliyokuwa kabatini.

Matokeo

Kamati ilimwandikia gavana, nakala kwa bunge la mkoa. Barua ilitumia kifungu cha 27 cha Katiba, kinachotaka mamlaka ijibu ombi la wananchi ndani ya miezi mitatu. Jumapili iliyofuata, majibu yalisomwa kanisani baada ya misa, kwa lugha ya kawaida, na visima viwili vikafunikwa kwa mbao na mawe. Hakuna aliyekwenda kwenye lango la kiwanda. Paroko na kamati walikuwa wameshawaandaa vijana: mliosoma ndio mtalinda visima, zamu kwa zamu, mtu asichote usiku. Kampuni ilianza kuleta maji kwa lori. Serikali ya mkoa ikatoa tangazo fupi la tahadhari, bila kutaja kwamba ilikuwa inajua tangu mwezi wa nane.

Kisha jambo likaharibika kwa herufi moja na namba moja.

M. alipomweleza muuguzi mahali pa kuchota, muuguzi alichora ramani ndogo kwenye karatasi ya daftari la shule. Kwa mazoea ya kazi, M. alipofika kwenye daraja alisema "P4", na muuguzi akaandika P4. Karatasi ikafika kwa katibu wa kamati. Kamati ilizipa sampuli zake namba zake yenyewe, 1 hadi 5, lakini katibu alipoandika barua ya mwisho usiku, karatasi zote mbili zikiwa mbele yake, aliandika: "tunaomba hatua za haraka hasa kwenye kituo cha P4". Wakili alikuwa ameisoma rasimu ya kwanza, ambayo haikuwa na mstari huo.

Mkuu wa ofisi aliuona mara moja. Alama hiyo ilikuwa kwenye ripoti yake na kwenye daftari la M., basi.

Wa kwanza kushukiwa hakuwa M. Alikuwa kijana. Hakuwa na matrikule, kwa hiyo kumwondoa hakukuhitaji barua wala kikao. Aliambiwa tu asirudi Jumatatu. M. alipata habari baada ya siku mbili, na siku mbili hizo ndizo anazozungumzia kwa uchungu kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Kisha naye akapewa barua ya kutaka maelezo ndani ya saa 48.

Jibu lake liliandikwa na yeye mwenyewe, wakili akaondoa maneno ya ziada tu. Alisema hakuna hati ya ofisi aliyoitoa wala kuinakili, jambo lililokuwa kweli. Alisema aliwaambia watu wa afya kwamba visima vipimwe, kwa sababu barua yake ya kuomba wakazi waonywe haikujibiwa kwa maandishi, na akaambatanisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na aliandika kwamba kijana hakujua lolote.

Hakushtakiwa. Alihamishiwa kwenye wilaya ya mbali, kazi ya kutunza mafaili, bila posho ya uwanjani. Kijana aliitwa arudi baada ya miezi, bila ahadi ya matrikule. Hakurudi.

Uchambuzi

Nianze na muhuri. Serikali ina siri halali: mipango ya jeshi, faili la mgonjwa, jina la shahidi, hata msimamo wake katika mazungumzo ambayo hayajaisha. Sababu ya mkuu kuhusu mazungumzo na kampuni ilikuwa na uhalali kwa sehemu ile ya ripoti iliyogusa fidia. Kosa lake ni kugonga muhuri mmoja juu ya vitu viwili. Ombi la M. la ukurasa mmoja lilivitenganisha: weka siri ya fidia, toa habari ya visima. Mkuu angekubali ombi lile, kusingekuwa na kisa. Katika mafunzo kwa wakuu wa ofisi, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wana uwezo wa kutoa nusu ya hati.

Utenganisho huohuo M. aliufanya upande wake. Daniel Ellsberg, mchambuzi wa mambo ya kijeshi, alipoyapa magazeti ya Marekani mwaka 1971 historia ya siri ya vita vya Vietnam, kurasa zipatazo 7,000, hakuyapa majuzuu manne yaliyohusu mazungumzo ya kidiplomasia, akihofia kuharibu njia za kuleta amani. Watu wanamkumbuka kwa alichotoa. Mimi naona alichozuia kinafundisha kadiri ileile: mtoa taarifa anabeba wajibu wa kupima kila ukurasa, kazi ambayo mwenye muhuri alikataa kuifanya. M. alikwenda mbali zaidi na kutotoa ukurasa wowote, kwa sababu ushahidi wake ungeweza kupatikana upya.

Si kila jambo lina bahati hiyo. Hesabu za benki hazipiti chini ya daraja. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa karatasi za kashfa ya fedha za umma iitwayo Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, hangeweza kumwambia mtu "nenda kachote mwenyewe". Alishtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, akapoteza kazi, akafariki mwaka 2006 katika umaskini. Hapa kwetu, Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa benki Kinshasa, walihukumiwa kifo mwaka 2020 bila wao kuwepo mahakamani, baada ya kutoa hati za benki hiyo; hukumu yenyewe ilijulikana kwa watu mwaka uliofuata. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba njia ya M. inafaa kila mahali. Nasema kwamba kwa mambo ya maji, hewa, udongo, dawa kwenye rafu, barabara iliyojengwa vibaya, mtu aulize kwanza kama ushahidi unaweza kupatikana upya nje ya ofisi. Mara nyingi unaweza, na watumishi wanajihatarisha kutoa karatasi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Na hata kisheria hawakuihitaji. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inamtaka mwenye haki ya madini alipe madhara yaliyosababishwa na shughuli zake hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Wakazi walihitaji kuonyesha madhara na chanzo chake. Hawakuhitaji kuonyesha kwamba serikali ilijua. Kamati ililijua hilo kwa kuchelewa, na barua yao ya kwanza ilipoteza nusu ukurasa kuishutumu ofisi.

Sasa P4. Watu wengi wanaojifunza kisa hiki humlaumu katibu. Mimi naona katibu alifanya kazi yake: aliona alama, akaitumia. Lugha ya ofisi inamng'ang'ania mtu. Namba ya kituo, jina la faili, kifupisho, hata namna ya kuandika tarehe vinaweza kumtaja mtu waziwazi kama sahihi yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja kukaa na barua ya mwisho na kuuliza, kwa kila neno: hili tumelipata wapi? Neno lisilotoka kwenye daraja, kwenye chupa au kwenye majibu ya maabara, lifutwe. Na ile karatasi ya daftari la shule ilipaswa kuchomwa siku ramani ya kamati ilipokamilika.

Kijana ndiye anayenisumbua. Mpango wote wa M. na wakili ulipima hatari kwa M.: kifungo, mshahara, posho. Hakuna aliyeuliza, siri ikigundulika, jicho litamwangukia nani kwanza. Katika ofisi zetu jibu ni lilelile karibu siku zote: litamwangukia asiye na matrikule, kwa sababu kumwondoa hakugharimu chochote. M. angejua hilo mapema angeweza kumtoa kijana kwenye zamu ya mwezi ule, au kumwandalia mkuu barua ya kumsafisha kabla ya tuhuma. Alipokiri ilikuwa imechelewa, ingawa kukiri kwake naona kulikuwa sahihi na kulimgharimu. Wapo wenzangu wanaosema alipaswa kukaa kimya kwa kuwa kesi ya mtaa ilikuwa bado changa. Siwezi kukubaliana nao. Mtu anayefichua ili kuzuia madhara hawezi kumwacha asiyehusika abebe madhara ya kufichua kwake.

Kuna upungufu mwingine mkubwa ambao haukuwa wa M. Visima viwili vilipofunikwa, watu walihamia kisima cha nne, mtaa wa pili, ambacho hakuna aliyekuwa amekipima. Tangazo la kanisani lilisema "msinywe hapa" bila kusema "mnywe wapi", mpaka lori za maji zilipokuja. Na suala la mboga lilipita harakaharaka mno: wakulima waliambiwa waache kumwagilia, hawakuambiwa watakula nini, kwa hiyo baadhi yao waliendelea alfajiri, na baiskeli zikaendelea kwenda sokoni. Sisemi hivyo kuwalaumu. Mwenye bustani moja na watoto watano hawezi kuacha kulima kwa sababu ya karatasi.

Hali ilivyo sasa

Miezi mitatu ya kifungu cha 27 ilipita bila jibu la maandishi. Ripoti ya mwezi wa nane haijatangazwa. Kampuni imetengeneza bwawa, na kamati inasema pH chini ya daraja imepanda, ingawa kisima kimoja bado kina risasi juu ya kipimo. Kamati sasa inachota yenyewe kila kiangazi kwa namba zake yenyewe, na kila mwaka inaiandikia ofisi ya mkoa kuomba majibu yake rasmi, ikitaja sheria ya 2011 kwa kifungu na tarehe. M. bado anatunza mafaili. Wakili wake anaendelea kudai arudishwe kwenye kazi yake ya sampuli, na katika faili hilo amemweka pia kijana, akiomba namba ya matrikule kwa miaka aliyofanya kazi.